Kasi Unayoweza Kumkabidhi Mteja

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa kompyuta, Arusha

Shikamooni wazee wangu. Kaka zangu, dada zangu, na nyie vijana wa chuo mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, habari za leo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuipandisha kasi prosesa (chipu inayopiga hesabu) na RAM (kumbukumbu ya muda) ya kompyuta ya mezani kupita kiwango kilichoandikwa kwenye boksi, jambo ambalo mtaani mnaliita kuovakloki. Mtu akinitambia kwamba mashine yake inagonga gigahezi 5, huwa namuuliza kitu kimoja: umewahi kuiachia kazi nzito usiku kucha, asubuhi ukakuta imemaliza na majibu ni sahihi? Wengi hucheka wakabadilisha mada. Basi mimi leo nataka tuzungumzie mashine ambayo unaweza kumpa mtu mwingine, akaondoka nayo mpaka Babati au Same, akahariri video ya harusi au akachora nyumba ya ghorofa, na wewe usipigiwe simu saa nane usiku.

Na msiniletee haraka haraka haina baraka. Bwana harusi anayesubiri video yake haoni baraka yoyote katika kusubiri. Kasi tunaitaka. Swali ni kasi ya namna gani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, inatoa mapigo ya msingi, karibu siku zote megahezi 100, yaani mapigo milioni 100 kwa sekunde. Prosesa inayazidisha mapigo hayo kwa namba yake. Namba ikiwa 45, unapata megahezi 4,500, yaani gigahezi 4.5. Kupandisha kasi ni kuikuza hiyo namba. Zamani watu walikuwa wakipandisha mapigo ya msingi yenyewe. Wakubwa waliokuwa na kompyuta mwaka 1998 wanaikumbuka Celeron 300A ya Intel. Kizidisho chake kilifungwa kwenye 4.5, mapigo yalikuwa megahezi 66. Ukiyapeleka mapigo hadi 100, prosesa ya megahezi 300 inakuwa ya 450. Nusu nzima ya kasi, bila kuongeza hata senti! Leo mapigo ya msingi nawashauri myaache yalivyo, kwa sababu kwenye madabodi nyingi ukiyagusa unavuta pamoja nayo RAM na zile njia zinazobeba kadi ya picha na diski ya SSD.

Kwa nini nafasi ile ilikuwepo? Kiwanda hakiuzi kasi ya juu kabisa ambayo prosesa yako peke yake inaiweza. Kinauza kasi ambayo kila prosesa ya daraja lile itaimudu, hata ile dhaifu kuliko zote, kwenye chumba chenye joto, kwa miaka. Tofauti kati ya dhaifu na imara ndiyo tuliyokuwa tukiila sisi. Ila siku hizi kiwanda chenyewe kimeshaila. Intel na AMD zote zinatengeneza prosesa zinazojipandisha zenyewe kadiri joto na umeme vinavyoruhusu, tena mara mamia kwa sekunde, kwa ustadi ambao mkono wa fundi hauwezi kuushinda. Kilichobaki kwako kwenye prosesa mpya ni asilimia chache.

Najua mmeona picha za wale jamaa wanaomimina moshi mweupe juu ya madabodi. Mwaka 2023 prosesa ya Intel Core i9-14900KF ilivushwa gigahezi 9 kwa heliamu ya kimiminika, kitu chenye baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Ni kazi ya kitaalamu na naiheshimu. Lakini rekodi zile hushikiliwa kwa muda wa kutosha tu kuhakiki namba na kupiga picha ya skrini, kisha basi. Hakuna aliyerenda video ya harusi, yaani kuichakata ikawa faili la mwisho, kwa heliamu.

Kwa hiyo mimi naanza na RAM, sio prosesa. Najua wengi wenu mnafanya kinyume.

Naanza na RAM kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiko faida iliyolala bure iliko. Mteja amenunua RAM iliyoandikwa kasi ya 3200 au 3600, ameichomeka, amewasha, anaitumia mwaka mzima. Ukifungua Task Manager ya Windows unakuta inatembea kwa 2133 au 2400 au 2666. Haijaharibika. Ndivyo ilivyo: RAM huwaka kwanza kwa kiwango cha kawaida ambacho kila madabodi inakielewa, na ile kasi ya kwenye boksi imehifadhiwa ndani ya RAM kama profaili, XMP kwa Intel na EXPO kwa RAM za kizazi cha DDR5 zilizolengwa AMD. Lazima mtu aingie kwenye BIOS, ile menyu ya setingi za madabodi kabla Windows haijawaka, aiwashe. Na elewa kwamba hata hiyo inahesabiwa kuwa kupandisha kasi. Intel na AMD zote zinaichukulia hivyo. Kwa hiyo usimwambie mteja "nimewasha setingi tu" kisha ukaondoka bila kuijaribu mashine.

Kabla hata ya profaili, angalia RAM zimekaa wapi. Kipande kimoja cha DDR4 (kizazi cha kabla ya DDR5) ya 3200 kinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili, kila kimoja kwenye njia yake, vinapitisha 51.2. Nimefungua mashine nyingi tu zenye vipande viwili vilivyochomekwa kwenye sloti zilizopakana, vyote vikigombania njia moja huku nyingine ikiwa tupu. Kwenye madabodi ya sloti nne, mara nyingi vinakaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu chake kitakwambia. Kwa mwenye Ryzen, prosesa ya AMD, yenye kitengo cha picha ndani yake, asiye na kadi ya picha, hili peke yake linabadilisha gemu kutoka kukwamakwama hadi kuchezeka, kwa sababu picha zinatumia RAM hiyohiyo. Wenye vibanda vya gemu wamenielewa.

Sasa namba mbili ambazo wauzaji wanawachanganyia. Kuna kasi, kuna CL. Kasi ni kiasi gani kinapita. CL ni mapigo mangapi unasubiri mpaka jibu lianze kutoka. Ukitaka kujua unasubiri muda gani hasa, chukua CL, zidisha kwa 2,000, gawanya kwa kasi. RAM ya 3200 yenye CL16 inakupa nanosekunde 10. Ya 3600 yenye CL18, nanosekunde 10 vilevile. Ya 2666 yenye CL19, zaidi kidogo ya 14. Mwenye simu apige hesabu hapo alipo. Utaona kutoka 2666 kwenda 3200 kuna maana kweli, na kutoka 3200 kwenda 3600 unaongeza upana tu, kusubiri ni kulekule. Mteja akitaka kulipa zaidi kwa sababu namba ni kubwa, mwonyeshe hesabu hii kwanza.

Kuna na mtego mwingine kwa wenye Ryzen za 3000 na 5000. Ndani ya prosesa kuna njia inayounganisha sehemu zake, AMD wanaiita Infinity Fabric, nayo inapenda kutembea sambamba na RAM. RAM ya 3600 kwa kweli inapiga megahezi 1,800 kwa sababu inatuma mara mbili kwa kila pigo. Njia ile nayo ikipiga 1,800 mambo ni shwari. Ukilazimisha RAM mpaka 4000, mara nyingi njia inashindwa kuifuata, madabodi inavunja uwiano, na mashine yenye namba kubwa inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Kwa Ryzen 7000 na DDR5, AMD wenyewe walitaja 6000 kuwa mahali pazuri pa kusimama. Simameni hapo.

Na msijaze sloti zote nne kwa sababu zipo. Kwenye Ryzen 7000 AMD wanaahidi DDR5 ya 5200 ukiweka vipande viwili, na 3600 tu ukiweka vinne. Mteja anataka gigabaiti 64? Muuzie mbili za 32. Tena zitoke pakiti moja. Kuchanganya kipande cha Kaloleni na kipande cha Moshi kunaweza kukubali kwenye kasi ya kawaida, kisha kukakataa mara tu unapowasha profaili. Hapo usianze kuilaumu madabodi.

Jambo dogo kuhusu DDR5, litawaokoa na aibu: mara ya kwanza kuwasha, au baada ya kubadilisha setingi za RAM, skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa. Mashine inajipima. Usiizime, na usimwambie mteja imekufa.

Nimesema sababu ni mbili. Ya pili ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kuzungumza. Prosesa ikipandishwa kupita uwezo wake, mara nyingi inapiga kelele: skrini ya bluu, kuganda, kujizima na kujiwasha. Unakasirika, unashusha, yameisha. RAM ikipita uwezo wake kidogo tu, haisemi. Ni kama mhasibu anayekosea tarakimu moja kwenye daftari siku ya kwanza. Kazi inaendelea, jumla zinajumlishwa juu ya jumla, na siku ya kufunga hesabu hakuna anayejua kosa liliingilia wapi. Biti moja, yaani sifuri au moja ndani ya data, ikigeuka wakati faili linahifadhiwa, lililoandikwa kwenye diski ni lile bovu. Video inakatika dakika ya arobaini. Faili la zip linakataa kufunguka. Mchoro unafunguka ukiwa na ukuta uliohama. Windows inaanza kuumwa magonjwa ya ajabu, fundi anapiga Windows upya, na zile RAM mbovu ndizo zinazobeba mafaili ya Windows mpya. Mwezi haujaisha, mashine imerudi dukani.

RAM za kompyuta nyingi za mezani hazina ECC, ule ukaguzi unaokamata na kurekebisha biti iliyogeuka. DDR5 ina marekebisho ya ndani ya chipu zake, lakini hayalindi data inapokuwa njiani kati ya RAM na prosesa, na huko njiani ndiko kasi kubwa inakoleta makosa. Kwa hiyo msitulie kwa sababu eti ni DDR5.

Ndiyo maana jaribio la kwanza la RAM halifanyiki ndani ya Windows. Unaandaa flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM, unawasha mashine kutoka kwenye flashi, diski ya mteja haiguswi. Toleo la bure linazunguka mara nne. Liache limalize yote manne, hata kama itabidi ufunge duka uliache likifanya kazi. Na kosa moja ni kosa. Hakuna "ni moja tu, itakuwa bahati mbaya". Likitokea, shusha kasi hatua moja au legeza CL, anza upya. Likipita, ndipo unaingia Windows na kumalizia na programu ya OCCT au Prime95 kwenye jaribio lile la kuchanganya, ambalo linaibana RAM na prosesa kwa pamoja. Kuna mashine zinazopita MemTest86 na kuanguka hapo, kwa sababu joto la prosesa na la kadi ya picha sasa limefika kwenye RAM.

Nije kwenye volti, maana hapo ndipo vitu vinapoungua.

Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sawia na kasi, lakini unapanda kwa mraba wa volti. Ukitoka volti 1.20 kwenda 1.35, ni ongezeko la asilimia 12 na nusu kwa macho. Weka kwenye mraba: umeme umepanda kwa karibu asilimia 27, na hujaongeza hata megahezi moja. Ongeza na kasi asilimia 10, jumla umefika karibu asilimia 39. Umeme huo wote unageuka joto, na feni ni ileile.

Halafu kuna neno moja kwenye BIOS ambalo mimi silipendi: "Auto". Ukipandisha kasi na kuacha volti kwenye Auto, madabodi nyingi zitaongeza volti kwa ukarimu mkubwa, ili mashine iwake na wewe ufurahi. Mwaka 2023 tuliona matokeo yake. Baadhi ya Ryzen 7000, hasa zile zenye X3D kwenye jina, ziliungua pamoja na soketi zake. Baadhi ya madabodi zilikuwa zikipandisha mno volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia RAM, pale mtumiaji alipowasha profaili ya RAM. AMD ikatoa marekebisho yanayozuia volti hiyo isivuke 1.3. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Intel: prosesa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilibainika kuwa zinayumba, hata za watu ambao hawajawahi kugusa setingi. Intel ikaeleza kuwa volti iliyozidi ilikuwa ikizichosha, ikatoa mikrokodi 0x129, yaani maelekezo mapya ya ndani ya prosesa, mwezi Agosti 2024, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho yale yanazuia. Prosesa iliyokwisha kuchoka hayaiponyi. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, sasisha BIOS. Na uisasishe mashine ikiwa kwenye UPS, lile boksi la betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unabaki na madabodi ya kutundika ukutani.

Sasa prosesa. Kwanza, inafunguka? Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K na madabodi ya Z. Kwa AMD karibu Ryzen zote za mezani ziko wazi, lakini madabodi za A320 na A520 zinakufungia. Hizi kompyuta za ofisini za mtumba tunazouza wengi wetu, zilizotoka Ulaya na Uarabuni, hazifunguki, yamekwisha. Usipoteze jioni yako kutafuta njia ya uchochoroni. Ifute vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka, weka SSD, weka RAM ya pili kwenye njia ya pili, mteja atakushukuru kuliko mwenye K.

Ikiwa inafunguka, panda kizidisho kimoja kimoja. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hajui kipi kilimsaidia na kipi kilimuua. RAM iwe imeshathibitishwa kwanza, la sivyo utaitesa prosesa kwa makosa yasiyo yake. Joto mimi napenda liishie nyuzi 85 kwenye kazi nzito, ingawa wenyewe wanaruhusu zaidi. Intel nyingi zinajipunguza kwenye 100, na Ryzen 7000 zimeundwa kufika 95 bila wasiwasi. Sababu ya kubakiza nyuzi hizo nitaieleza.

Lakini nisikilizeni: kwa mashine nyingi za hapa, ushauri wangu ni kushusha volti badala ya kupandisha kasi. Kuanzia Ryzen 5000 kuna kitu kinaitwa Curve Optimizer. Unaweka hasi 10, hasi 15, kila hatua ikiondoa takriban milivolti 3 hadi 5. Volti ikishuka, joto linashuka. Joto likishuka, prosesa yenyewe inajipandisha juu zaidi kwa sababu imepata nafasi. Unapata kasi na ukimya wa feni kwa wakati mmoja. Wapo wanaodharau kwamba huku si kuovakloki. Sawa. Mimi nalipwa na mteja anayetaka kazi iishe.

Tahadhari yake ni moja, nayo ni nyoka wa majani. Mashine iliyoshushwa volti mno mara nyingi haianguki chini ya mzigo. Inaanguka ikipumzika. Kwenye mzigo mzito kokwa zote, yaani vitengo vya hesabu ndani ya prosesa, zinatembea kwa kasi ya wastani. Ukiwa unasoma barua pepe, kokwa moja inaruka peke yake hadi kasi ya juu kabisa, na hapo volti haitoshi. Kwa hiyo inapita jaribio la Cinebench vizuri, inapita Prime95, halafu saa tano usiku iko kimya tu, inajizima na kujiwasha. Jaribu kokwa moja moja. Kuna programu ya bure inaitwa CoreCycler inayofanya kazi hiyo. Na ufungue Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute makosa ya WHEA-Logger. Namba 18 ni kosa lililoiangusha mashine. Namba 19 ni kosa lililorekebishwa kimyakimya. Mteja halijui, ila fundi anapaswa kulijua kabla ya kukabidhi.

Na usiiamini namba ya gigahezi inayoonyeshwa. Ryzen iliyonyimwa volti inaweza kuonyesha 4.6 huku kasi halisi ikiwa chini ya hapo. Programu ya HWiNFO inaonyesha kasi zote mbili. Kipimo chako kiwe kazi: chukua video moja, irende kabla, irende baada, angalia saa.

Sasa zile nyuzi nilizosema tubakize. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, uzito wake ni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini hewa inayobeba joto ni kidogo. Majaribio unayosoma mtandaoni mengi yamefanyiwa nchi za tambarare, chumba kikiwa na kiyoyozi kwenye nyuzi 21 hivi. Faida yetu ni baridi yetu, na hiyo ndiyo inayotudanganya. Unaijaribu mashine mwezi wa saba, usiku, Njiro, umevaa sweta. Inakaa nyuzi 75, unaisifia. Mwezi wa pili iko Moshi, kwenye chumba cha bati chenye nyuzi 33, mchana. Joto la chumba linajumlishwa juu ya joto la prosesa karibu nyuzi kwa nyuzi. Chumba kimepanda nyuzi 17 au 18, prosesa nayo. Nyuzi 75 zako zimekuwa 92, na hatujagusa vumbi la kiangazi ambalo ndani ya miezi michache linaziba hitisinki, kile chuma kinachopooza prosesa. Kwa hiyo kama mashine inakwenda Moshi, ijaribu mchana, madirisha yamefungwa, kwa feni za mteja mwenyewe.

Umeme nao. Prosesa iliyoongezewa wati 60, ikifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 za mwezi, inakula karibu uniti 12 na nusu zaidi. Mwambie mteja mapema, ndiye anayenunua LUKU. Na UPS iliyoandikwa VA 650 haitoi wati 650. Nyingi za ukubwa huo zinaishia chini ya wati 400. Mashine iliyopandishwa ikiwa katikati ya kurenda, umeme ukakatika, UPS inalemewa na kuzima palepale. Jaribu hilo nalo dukani: wakati Prime95 inaendelea, chomoa UPS ukutani uone.

Mwisho, makabidhiano. Piga picha za kurasa za BIOS kwa simu, mtumie mteja. Andika kwenye karatasi: kasi ya RAM, CL, volti, setingi ya prosesa, majaribio yaliyopita. Mweleze kwamba kupandisha kasi kunaweza kumnyima dhamana ya kiwanda, akubali yeye mwenyewe, asije kulisikia siku ya tatizo. Mweleze pia kwamba BIOS ikisasishwa au betri ile ndogo ya CR2032 ya madabodi ikiisha, setingi zinaweza kufutika na mashine ikarudi kwenye kasi ya kawaida. Haijaharibika, alete karatasi. Na kama kuna mafaili yaliyoandikwa wakati mashine ikiyumba, endesha amri ya sfc /scannow kukagua na kurekebisha mafaili ya Windows, lakini kazi za mteja mwenyewe hazina dawa ya namna hiyo. Afungue moja moja, na nakala za zamani asizifute kwanza.

Nimeona mikono imeinuka, tutafika huko. Wale waliokuja na mashine zao wazilete hapa mbele, flashi za MemTest86 ninazo za kutosha. Tunaanza na zile ambazo RAM iko kwenye 2133 na mwenyewe hajui. Dada wa mstari wa pili, hiyo yako ina sloti nne na vipande vimepakana. Nimeiona tangu ulipoingia.